Wacha Westi Ingoje, Twende Tao kwa Miguu

Kila Ijumaa saa nane hivi za mchana, watu wakiwa bado wanachokonoa meno baada ya chakula, lazima mtu aandike kwa grupu la WhatsApp "wasee fom ni gani?" na kabla sijafungua simu jibu limeshakuja: Westi, yaani Westlands, hapa Nairobi. Hakuna mjadala. Westi, ama Kilimani kama kuna mtu ana bathdei, ama Thika Road kama wale wa Roysambu ndio wengi siku hiyo. Mimi ndio yule msumbufu anayeandika "na tao je?", yaani katikati ya jiji, halafu anarushiwa vikatuni vya kucheka.

Si eti nachukia Westi. Naenda, na nikienda nacheza kama wengine. Lakini hebu tuseme ukweli kuhusu huo usiku. Umetoka kazini saa kumi na moja, umeita teksi ama umepanda matatu, umekaa kwa jam ya Waiyaki Way mpaka njaa imekuja ikaondoka, mnafika, mnapata meza, muziki ni mbaya, lakini kuhama ni kuita teksi ingine na kugawana wanne wanne na kungoja yule mmoja amepotelea chooni, so mnaamua kukaa tu. Usiku mzima meza moja, muziki mbaya, halafu bili. Tao mambo si hivo. Tao unaweza kuanza na kinywaji kwa jengo moja, ukale kwa lingine, ukacheze kwa la tatu, na kati ya hizo zote hakuna mtu amelipa nauli. Kutoka hoteli ya Norfolk mpaka lile jumba la mikutano la KICC ni mwendo wa miguu tu, hata na visigino kama si vile vya kujiua, na hapo katikati kuna karibu kila kitu mtu anatafuta usiku.

Najua watasema tao ilikufa. Na siwalaumu, maana waliona ikizikwa kipande kwa kipande. Wale wa rika la dada yangu mkubwa watakuambia kuhusu klabu ya Florida ya Koinange Street, ile ilikua na umbo la chombo cha kutoka anga za mbali, imekaa juu ya kituo cha petroli, na saa hii ukipita hapo hakuna chombo. Baa ya Simmers pale Kenyatta Avenue, rhumba na nyama choma na watu wa suti wamelegeza tai, ikabomolewa 2018 na kuna wazee walilia, sitanii. 2020 hoteli ya InterContinental ikafunga. Halafu kafyu ya Korona, kuanzia Machi 27, 2020 mpaka Oktoba 20, 2021, na hiyo ndio iliumiza tao kuliko tingatinga lolote, kwa sababu mtu akijua lazima awe kwa nyumba mapema atakunywa karibu na kwake, na akishazoea baa ya mtaani ambayo mhudumu anajua jina lake na deni lake, kumrudisha tao ni kazi. Mwisho wa 2022 Hilton nayo, ule mnara wa mviringo ambao kila mgeni wa Nairobi alielekezwa nao tangu 1969, ikazima taa.

Lakini mwaka huo huo wa 2022, mwezi wa Novemba, gavana Sakaja akasema klabu zitoke kwa mitaa ya makazi sababu ya kelele. Watu walibishana sana, na mimi sikuwa upande wa mtu, nilikua tu nacheka, maana kuna sehemu moja ya hii jiji ambayo saa nne usiku hakuna mtoto wa kuamshwa na spika. Usiku tao wamebaki mawochi na sisi.

So shida ya tao si kukosa pahali. Shida ni venye watu hutembea, macho kwa simu, mkono kwa mfuko, mwendo wa kukimbia stage. Chini, usawa wa barabara, ni duka la simu, duka la dawa, benki, kuku na chipo, duka la simu tena. Kodi ya kupanga huko chini ni moto, kwa hivyo baa na mikahawa mingi ilipanda ghorofani. Unapata mlango mwembamba kati ya duka la viatu na duka la miwani, ngazi zimepakwa rangi nyekundu, baunsa amekaa kwa stuli anaangalia mpira kwa simu, na ukipanda hizo ngazi mbili tatu unatokea kwa ukumbi wenye veranda inayoangalia barabara yote, upepo, taa za magari huko chini, na unajiuliza umepita hapa mara ngapi ukienda kununua chaja. Inua macho. Jioni giza likianza kuingia ndio wakati mzuri, taa za ghorofa ya kwanza na ya pili zinajionyesha zenyewe, na kama kuna watu wamesimama kwa veranda na glasi mkononi basi ushapata.

Mkipanga kukutana, msikutane Archives, lile jengo la kumbukumbu za taifa. Archives Ijumaa jioni huwezi kumpata hata mama yako mzazi. Kutaneni kwa sanamu ya Dedan Kimathi, pale Kimathi Street inakutana na Mama Ngina, iko hapo tangu 2007, kuna nafasi ya kusimama na mtu akikuambia "niko kwa Kimathi" utamwona.

Kutoka hapo mimi huanza Stanley, na najua mtu atasema ni ya watalii na bei ni ya watalii. Ni kweli. Ndio maana naagiza kitu kimoja, nakinywa polepole kama mtu ana hisa kwa hiyo hoteli, na nasimama. Kile kitu kimoja kinanipa kiti kizuri, choo safi cha kujipodoa, na saa nzima ya kungoja wale wa "niko karibu, nimefika Globe". Stanley yenyewe ilianza 1902, ikaungua 1905, baadaye ndio ikaja kukaa hapo kwa kona ya Kimathi Street na Kenyatta Avenue. Thorn Tree, ule mkahawa wa chini, ulifunguliwa 1959 ukiwa na mti wa mgunga katikati, na enzi hizo wasafiri walikua wanaacha barua zimebandikwa kwa mti, mtu anaachia mwenzake ujumbe na kuendelea na safari akiomba Mungu atapita hapo. Mti wa sasa si ule wa kwanza, umepandwa mwingine, lakini bado ni pahali pazuri pa kungoja mtu mchelewaji.

Kama mko wawili watatu na mnataka kuongea, pandeni Exchange Bar hapo hapo Stanley. Viti vya ngozi, mwanga wa chini, hakuna mtu anapiga kelele. Hilo jina si la kupendezesha tu. Soko la hisa la Nairobi lilianza 1954, na madalali walikua wanakutana Stanley wakinywa kahawa na kuuziana hisa, na wakati huo Mwafrika na Mhindi hawakuruhusiwa kununua hisa mpaka uhuru ulipokuja. Saa hii naketi hapo na kitambulisho cha kazi bado kimening'inia shingoni, mhudumu anakuja, "Madam, nikuletee nini?" na mimi naangalia ukurasa wa bei kwanza, kila mtu na vizuizi vyake.

Njia ingine, kama kuna mchezo Kenya National Theatre, ni kuanzia kule juu. Hiyo thieta ilifunguliwa 1952 na iko ng'ambo tu ya Norfolk, mnatoka kwa mchezo mnavuka barabara mkiwa bado mnabishana kama mwisho ulikua na maana. Norfolk ni ya 1904. Barabara inaitwa Harry Thuku, mwanaharakati wa enzi za ukoloni, na hilo jina pale lina uzito, kwa sababu Machi 1922 watu walikusanyika hapo karibu kwa kituo cha polisi wakidai Thuku aachiliwe, Muthoni Nyanjiru akiwa mbele, polisi wakafyatua risasi, na walowezi waliokua wanakunywa kwa baraza ya Norfolk nao wakafyatua. Kwa hiyo baraza mimi huagiza kitu cha bei juu makusudi, kama kulipiza kisasi, ingawa anayelipa ni mimi.

Sasa chakula. Hapa ndio watu wa grupu langu hukosana, kwa sababu kuna wale wanaamini usiku wa kutoka lazima ule na uma. Mimi nikiwa nimevaa vizuri zaidi ndio napenda kwenda Ranalo, ama Kosewe kama kila mtu anavyoiita, hapo Kimathi Street. Samaki mzima ameiva kwa nyanya na kitunguu, ugali wa maana, mboga ya osuga pembeni, unanawa mikono, unakunja mkono wa blauzi na unaingia kazini. Meza ya pili kuna wakili, ya tatu kuna mheshimiwa fulani na walinzi wake, ya nne kuna mtu na mchumba wake ametoka kumchukua ofisini. Nimeona dada amevaa gauni la kumetameta, kucha ndefu, anatoa mifupa ya kichwa cha samaki kwa utaalamu wa daktari wa upasuaji, na hakuna mtu mwingine kwa hiyo ukumbi alikua anapendeza kumshinda.

Kuna mtu ataniambia hapo si pa mtindo. Kwani mtindo ni nini jamani? Naona sai kila baa mpya Nairobi ina ule ukuta wa majani ya plastiki, na taa za rangi zimekunjwa zikaandika maneno ya Kizungu kuhusu mapenzi ama kuhusu pombe, na bembea moja imefungwa kwa dari ya watu kupigia picha. Bembea! Watu wazima wamelipa teksi kuja kupanga foleni ya bembea. Viti vyenyewe ni vya chuma, baada ya nusu saa mgongo unaomba msamaha, meza ni ndogo mpaka sahani ya pili inakaa mapajani, na muziki uko juu mpaka unaagiza kwa ishara. Hiyo si mtindo, hiyo ni studio ya picha inauza bia. Mimi naangalia kiti kwanza. Halafu naangalia mwanga, kama naona uso wa mwenye naongea naye bila kuona madoa ya ukuta basi mwenye baa anajua kazi yake. Halafu choo. Ukitaka kujua kama mwenye pahali anakuheshimu, usiulize menyu, nenda choo saa mbili usiku uone kama kuna maji, sabuni na ndoano ya kuning'iniza mkoba.

Kwa wale wa uma, Trattoria iko kwa kona ya Wabera na Kaunda, pasta, pizza, aiskrimu, na imekua hapo tangu miaka ya themanini, mapenzi ya Nairobi ambayo yameanzia hapo na kuvunjikia hapo hayahesabiki. Wabera Street yenyewe ilitengenezwa upya, njia ya miguu ikapanuliwa, na jioni ukitoka kula unaweza kutembea hapo bila kusukumwa na mkokoteni, jambo ambalo kwa tao si dogo. Na kama kwa grupu kuna mtu hanywi na hataki kukaa kwa harufu ya pombe, shukeni Banda Street huko karibu na Msikiti wa Jamia, kuna hoteli za biryani na pilau na juisi ya ukwaju, hakuna chupa kwa meza. Nina rafiki wa Mombasa ambaye husema biryani ya Nairobi ni matusi kwa bibi yake. Husema hivo akiwa anafuta sahani.

Kabla sijafika kwa kucheza, mambo ya mlangoni, kwa sababu wanaume wengi hawayajui. Kuna pahali hapa tao, pazuri, taa nzuri, sitataja jina, tulifika mimi na rafiki yangu saa tatu na kitu, wote tumetoka ofisini, na baunsa akatuuliza, "Madam, mko na nani?" Tuko sisi wawili. Akasema wanawake peke yao hawaingii baada ya saa tatu. Tukiwa hapo tunabishana, jamaa mmoja akapita peke yake, amelewa tayari, akafunguliwa mlango na akaitwa mkubwa. Nilimuuliza huyo baunsa kama huyo mkubwa ako na nani. Hakujibu. Tulienda mlango wa tatu kutoka hapo tukatumia pesa yetu yote huko. Kwa hivyo siku hizi, kama ni pahali sijawahi kuingia, napiga simu mchana, nauliza mambo mawili bila aibu: je, wanawake bila mwanaume wanaingia, na je, kuna kiasi fulani lazima meza itumie. Mtu wa simu akianza kuzunguka, jibu nishapata. Picha pia, usiangalie zile za ukurasa wao wa Instagram, hizo zilipigwa asubuhi na mpiga picha, angalia zile wateja wamepiga wenyewe usiku wakiwa wamekunywa, huko ndio utaona rangi ya kweli ya ukuta.

Bili nayo. Angalia chini ya menyu kama bei imejumlisha ushuru, kwa sababu kuna 16 kwa mia ya VAT na 2 kwa mia ya ushuru wa utalii, na kuna pahali wanaandika bei tupu halafu hiyo ingine unakutana nayo kwa risiti ukiwa umeshalewa kiasi cha kutojua hesabu. Ukivuka Moi Avenue kuelekea Tom Mboya na River Road bei zinashuka kabisa, na huko kuna raha yake, mhudumu anakuuliza tu "moto ama baridi?" na Tusker imefika, lakini huko sikupeleki na viatu vyako vyeupe siku ya kwanza. Nenda polepole. Na popote pale, juu ama chini, chupa ifunguliwe mbele ya macho yako, glasi usiiache mezani ukaenda kucheza, kama umeiacha agiza ingine. Watu wanawekewa mchele, yaani dawa ya kulewesha kwa kinywaji, kila wikendi hapa Nairobi, wanaume kwa wanawake, na si lazima iwe baa mbaya, inatosha tu kuwa na jirani mbaya.

Kucheza sasa. Majina ya klabu za tao siwapi, kwa sababu zinabadilisha jina na rangi haraka kuliko mtu anabadilisha laini ya simu, na ile nilikua napenda mwaka jana sai inauza vitanda. Chagueni kwa usiku, si kwa jina. Kuna siku ya mugithi, nyimbo za Kikikuyu, jamaa na gita lake moja anashikilia ukumbi mzima mpaka wahudumu wanaimba. Kuna usiku wa rhumba, na hapo ndio tao inashinda Westi bila kutoa jasho, kwa sababu rhumba inataka watu wazima kidogo, sakafu ya mbao ama angalau ya vigae, na nafasi ya kuzunguka, na baa za tao zilijengwa wakati watu walikua bado wanacheza wawili wawili. Simama kwa ngazi kabla ya kulipa kiingilio. Sikiliza nyimbo mbili. Kama dijei anakata wimbo kabla ya sebene, ile sehemu ya gita za kasi za rhumba, geuka urudi, huyo hajui anachofanya na hatajifunza usiku huo. Kama sebene imefika na unasikia viti vinasukumwa, lipa.

Pia jueni saa. Ile sheria ya pombe ya 2010, ya mbunge Mututho, iliziwekea baa saa kumi na moja jioni mpaka saa tano usiku siku za wiki, na wikendi zinaanza saa nane mchana. Klabu zina leseni zao tofauti, so si ajabu kuona baa moja inaweka viti juu ya meza wakati mlango unaofuata ndio wanaanza kupima spika. Usiku wa tao unafuata hiyo ngazi, mnakunywa mapema, mnakula katikati, mnacheza mwisho, na kila saa kuna pahali panafunguka pengine pakifunga. Mwisho wa mwezi mbebe subira, watu ni wengi na wahudumu wanasahau oda. Ijumaa ya katikati ya mwezi ndio tamu, meza ziko, dijei ana wakati wa kuskiza maombi, na mhudumu anakaa dakika mbili kukuambia samaki wa leo ametoka wapi.

Kutembea kwenyewe, kwa sababu nimewauzia kutembea tangu mwanzo: tembeeni kwa kundi, simu kwa mkoba na si mkononi, na mshike barabara pana zenye taa na mawochi, Kenyatta Avenue, Kimathi, Mama Ngina, Muindi Mbingu. Vichochoro vya kukata njia ni vya mchana. Mtu akiwaita "wasee, wasee, hapa kuna pahali poa" kutoka gizani, hapo si pahali poa.

Njaa ya saa saba usiku itakuja, hiyo haina mjadala. Kuna mayai na smokie pale stage, zimepasuliwa na kachumbari ndani, na kuna kuku na chipo za karatasi zinazopenyeza mafuta mpaka kwa kiti cha teksi. Wa Rongai shukeni Railways, nganya, zile matatu za mapambo, ziko usiku na muziki wao ni mkubwa kuliko wa klabu mlitoka. Wengine mkiita Uber ama Bolt, msiite mkiwa ndani ya vibarabara vya njia moja, dere atazunguka mara tatu, atachoka, atafuta safari, na mtaanza upya na bei imepanda. Tembeeni mpaka mbele ya hoteli kubwa ya Kenyatta Avenue, penye taa na walinzi, ndio muite, na mwambieni dere mapema kama mtashukishana njiani, kwa sababu akishafika Buruburu halafu usikie "bado Umoja na Donholm" atawaonyesha Nairobi nyingine kabisa.